Mkono wa Mama Ulipolazwa

Mama alivunjika kiwiko kwenye mashine ya kusaga mahindi pale Majengo, miaka ile mashine za watu binafsi zilipoanza kuchipuka kila mtaa. Mkanda ulidaka kitenge chake, ukavuta na mkono.

Hospitalini tatizo likawa kifua. Mama alikuwa na pumu, na wiki ile ilikuwa imembana. Daktari wa usingizi, mzee wa sauti ya chini, alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu.

"Nikimlaza usingizi, sina hakika kama ataamka," aliniambia. "Nitaulaza mkono tu. Mwenyewe atabaki macho."

Alimchoma sindano ya ganzi kwapani. Mfupa ukaungwa huku mama akizungumza na nesi habari za mbolea.

Aliporudishwa wodini alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomzoea. Aliunyanyua mkono ule kwa mkono mzima, akaulaza kifuani kama mtoto wa jirani.

"Huu wa nani?" akaniuliza. Akanywa uji wote.

Jioni vidole vikaanza kumchonyota. Halafu akaanza kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Nilimkimbilia yule daktari. "Shikamoo, mzee. Ganzi imeisha. Naomba umchome tena."

"Marahaba. Ningemchoma, lakini ile ilikuwa ya mwisho. Ukiipata madukani, niletee hata nyumbani."

"Hakuna sindano nyingine ya maumivu?"

"Ipo, ila ni kali, inapunguza pumzi. Kwa kifua kile siwezi, mwanangu."

Nikazunguka Majengo. Maduka ya dawa yalikuwa mengi, mapya, rangi hata haijakauka vizuri. Yalijaa sabuni, mafuta ya kujipaka na dawa za kikohozi kutoka nchi nisizozijua.

"Hiyo labda Dar, dada," alisema muuzaji wa mwisho.

Nilipoingia wodini mama alinitazama mikononi. Vidonge alivyopewa havikumsaidia. Nilimpepea, akasema niache. Nikaanza kusali rozari.

"Sali kimoyomoyo," akanong'ona. "Sauti yako inaniumiza."

Basi nikakaa tu, nikimwangalia akiuma pindo la shuka.

Maumivu yalipungua kesho yake, yenyewe, si kwa lolote nililofanya. Mkono ulipona, ingawa kiwiko hakikunyooka tena. Baadaye mama alipenda kuwasimulia wageni habari za mkono uliolala peke yake, akicheka sana. Ile jioni hakuitaja, nami sikuwahi kumuuliza.