Picha Iliyofutwa

Utafiti wake ulikuwa na sheria moja, na aliiandika mwenyewe: picha yenye walakini haifutwi kabla daktari bingwa hajaiona.

Alikuwa mpiga picha za uchunguzi hospitalini, mwanamke makini, ambaye wodi nzima ilimwita Mama Tulia kwa neno alilowaambia wagonjwa. Alirudi chuoni ukubwani kusomea shahada ya uzamili. Alikuwa akipima kwa altrasaundi ukubwa wa figo za watu wazima wasio na ugonjwa. Wazima hawaji hospitali kwa hiari, hivyo aliwaomba majirani na ndugu.

Wa mwisho alikuwa kaka yake, fundi wa kuchomelea mageti. Alipanda kitandani akinuka chuma, dada akampaka jeli ya kipimo tumboni.

"Profesa, jeli yako baridi kama macho ya wifi yako nikichelewa kurudi."

"Tulia, kaka. Vuta pumzi, ishikilie."

Dada alikuwa akicheka, kisha akaacha. Juu ya figo ya kushoto palikuwa na kitu cha mviringo, kimeusukuma ukingo wake nje. Alijua ni nini kinachoweza kuwa na umbo lile.

"Mbona kimya?"

"Gesi tu. Umekula maharage?"

"Siku hizi hata maharage ni kosa!"

Daktari bingwa alikuwa safarini, na chuo kilisubiri kazi wiki hiyo hiyo. Zaidi ya hayo, aliogopa kuwa yeye wa kumwambia. Basi akafanya jambo linalowezekana kwa mkono wenye ujuzi tu: akainamisha kipimio cha mashine alichokishika, akakisogeza taratibu kuelekea mbavuni, mpaka kitu kile kikatoka kwenye skrini na figo ikaonekana laini. Akaihifadhi picha hiyo. Ya kwanza akaifuta.

"Mzima?" kaka akauliza, akijipangusa tumbo.

"Mzima."

Kaka alilibeba neno hilo kama ngao. Mgongo ulipomuuma na mkewe akamsihi aende hospitali, alijibu, "Nimeshapimwa na dada yangu, unataka nani tena?" Mkojo ulipobadilika rangi, alisema ni joto la kazi. Dada alizisikia habari hizo mezani, akainamia sahani yake.

Hatimaye kaka alirudishwa kwenye kitanda kile kile, safari hii ameshikiliwa. Daktari bingwa hakuhitaji kukitafuta kitu hicho.

"Hiki hakikuanza jana. Hujawahi kupimwa?"

Mgonjwa alimtazama dada yake aliyesimama kando ya mashine. Akaelewa.

"Sijawahi, daktari," akasema.

Wapo wanaomtetea kwamba alichoka, kwamba chuo kilimbana. Sote tunachoka. Alikiona, akajua, akafuta.

Shahada aliipata. Uvimbe ulikuwa umefika mapafuni, na kaka yake akafa akiwa na watoto wadogo. Daktari alisema ungeweza kukatwa ukiwa bado mdogo.