Duara Juu ya Kaburi la Mama

Mama tulimzika kijijini, upande wa Njombe, asubuhi ya baridi kali. Nilitoka Makambako, ninakopiga picha za harusi na za mashamba ya parachichi. Kaka yangu mkubwa alitaka nije na droni, ili ndugu walioshindwa kusafiri waone mazishi.

"Chakula hujaleta, mbao za jeneza hujaleta," alisema mbele ya wajomba. "Angalau tuletee hilo dude lako linalolia kama nzi."

Kwetu watoto hutupa udongo kwa zamu, mkubwa kwanza, na kitinda mimba humalizia. Baada yake wanaume hushika makoleo. Kitinda mimba ni mimi. Siku ile sikutaka kingine, konzi moja tu ya udongo.

Ndiyo maana nilitegemea programu. Kwenye simu unagusa kitu unachotaka kizungukwe, unachagua kimo na mwendo, droni inazunguka yenyewe na mikono yako inabaki huru. Niliirusha kutoka uwanja mtupu kando ya kaburi, wakati jeneza linatolewa ndani. Ikachora duara safi, na sifichi, nilijiona fundi.

Programu hiyo ina tabia nyingine: chaji ikikaribia kwisha, droni inarudi yenyewe pale iliporukia. Na baridi ya kwetu inanyonya chaji upesi. Yote mawili nayajua, na yote mawili niliyasahau. Mahubiri yakawa marefu. Kaka alikuwa ameshatupa udongo, dada anainama, simu ikalia: chaji inaisha, droni inarudi. Ule uwanja mtupu sasa ulikuwa umejaa akina mama kwenye mikeka.

Nilifuta amri ya kurudi, nikakimbilia kwenye shamba la viazi nikiishusha kwa mkono. Nasema kweli, sikuwaza kwanza vichwa vya akina mama. Niliwaza mapanga ya droni, yale yanayoizungusha hewani, yasivunjike.

Nyuma yangu nilimsikia shangazi: "Kitinda mimba yuko wapi jamani?"

"Huyo leo hana mama, ana rimoti," kaka akajibu. "Endeleeni."

Watu wakacheka. Msibani, wakacheka.

Niliporudi, matope magotini, makoleo yalikuwa yameshaanza na shimo limekaribia kujaa. Nilisimama na udongo wangu mkononi.

"Tupa tu hapo juu, mwanangu," mjomba mmoja alisema bila kusimamisha koleo. "Utachanganyika."

Nikauachia kando ya kiatu changu.

Jioni kaka aliitazama video. Vichwa vyote vimeelekea kaburini, kimoja tu kimeinamia simu.

"Kata hapo unapoonekana," akaniambia. "Unatuaibisha."

Sikuweza. Duara lilinipitia kila mzunguko.

Juzi alinijia mteja wa Njombe aliyefiwa na baba yake, akaomba kuona kazi yangu. Ninazo video nyingi za mashamba, lakini ya mama ndiyo iliyotulia kuliko zote. Nikamwonyesha.

"Hivihivi ndivyo ninavyotaka," akasema. Kisha akaweka kidole kwenye kioo cha simu. "Ila mtu kama huyu, wenzake wanazika yeye anachezea simu, kwenye msiba wangu asiwepo."

"Hatakuwepo," nikamjibu, nikamuuliza wanazika saa ngapi.