Mafuta ya Ufuta Magotini

Leo bwenini mwenzangu amepasha mafuta ya ufuta yenye tangawizi, na pua yangu ikatoroka shule, ikarudi nyumbani kwa Bibi.

Mwaka ule baridi ya Karatu ilikuwa inaisha. Bibi yangu hakuweza kusimama kwa maumivu ya magoti, na shamba la maharage lilikuwa linamngoja. Jirani yetu, mama wa Kihindi mwenye duka, alikuwa barazani akiwapaka wajukuu wake mafuta ya moto, kama kila mwaka baridi ikiondoka.

"Dada, baridi imetoka nje," alimwambia Bibi. "Kwenye magoti yako bado imo."

"Mimi napaka mafuta ya kondoo," Bibi alinuna, huku akinyoosha miguu.

Akasuguliwa mpaka akacheka. "Polepole, mwenzangu, hukandi chapati!"

Kisha akasimama, akadai jembe lake.

Leo bwenini nimemwomba mwenzangu tone moja.

"Unaumwa wapi?"

Nikamwonyesha magoti, mazima kabisa.