Ukoo Niliouandika kwenye Jiwe la Baba

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la sita, nikauza ndizi Suneka, na leo wenye digrii huja kuomba kazi katika duka langu la saruji. Kwa hivyo kijana wangu aliponiambia amepata mchumba Nyamira, kwenye boma la mtawala wa zamani wa huko, nilicheka tu. Ukubwa hufuata ukubwa.

Shida ni kwamba miaka yote nimejigamba babu yangu alitoka boma hilo hilo. Baba alipofariki, nikaandikisha kwenye marumaru ya kaburi lake: "Damu ya Watawala."

Wakwe walipokuja kuona kwetu, mzee wao akasimama kaburini, akavaa miwani, akasoma polepole.

"Kumbe sisi ni ndugu?"

"Ndugu kabisa, mzee!" nikasema, kifua mbele.

"Basi tumefuata nini hapa? Ndugu huoana?"

Wakaondoka, chai yao ikapoa mezani. Kijana wangu akaacha kuongea na mimi.

Nikaanza kuutafuta ukweli. Mzee mmoja wa kijiji cha Nyamarambe akaapa kwamba babu zetu walizaliwa tumbo moja, wakatenganishwa na njaa. Mwingine kule Nyamira akasema babu yangu alifika kwa mtawala kuchunga ng'ombe, akapewa pa kulala, watu wakazoea kumhesabu wa nyumba. Wa tatu alikula kuku wangu mzima, akasema amesahau. Dukani najua kila msumari ulipo, lakini damu yangu mwenyewe hakuna wa kuniambia!

Nikaenda kwa shangazi, dada wa baba.

"Hayo ya utawala baba yako aliyasema akilewa," akacheka.

"Kwa hivyo si kweli?"

"Nitajua aje? Chagua, baba: unataka babu mkubwa ama unataka mke wa mtoto?"

Nikarudi Nyamira, nikasimama mbele ya wazee wa pande zote mbili, nikasema babu yangu alikuwa mchunga ng'ombe wao. Mimi!

Mzee wa miwani akatikisa kichwa. "Tumesikia. Lakini jiwe lako bado linasema lile lingine."

Harusi ilifanyika. Ukweli wenyewe siujui mpaka leo. Ninachojua ni bei ya kung'oa marumaru ile na kuweka nyingine yenye jina la baba peke yake: shilingi elfu arobaini na sita, mia tatu na hamsini.