Kola ya Mzee Feni

Kutulia kulimshinda tangu utotoni. Hata alipopita miaka hamsini, mvi zikiwa zimeshamtanda kichwani, alikuwa bado hawezi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Kazi yake ilimfaa. Alikuwa bawabu wa jengo la ofisi ambalo magari yake yaliingia kwa upande mmoja na kutokea upande wa pili, kutwa nzima, na yeye katikati, shingo ikienda huku na kurudi huku. Makarani wakambandika jina la Feni. Kwa kuwa alikuwa mtu mzima wakaliongezea "Mzee" mbele, naye akaitika.

Kisha zikaja sare mpya: suruali ya bluu, shati jeupe na tai. Shati lilimpwaya. Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Akalibana kiunoni, akalipunguza mabega, na kola akaikaza mpaka ikasimama kama ya bwana harusi.

"Haikubani?"

"Hata."

Ilimbana kidogo. Lakini alijitazama kwenye kioo, akageuka ubavu, akajitazama tena. Alipendeza. Akaondoka nalo kazini.

Haikupita wiki, lori likapiga honi nyuma yake. Aligeuza shingo upesi, na palepale macho yakaingia kiza. Alipozinduka alikuwa chali, makarani wamemzunguka, mmoja akimpepea kwa faili. Akainuka kabla hawajamzuia, akajipangusa vumbi na kufungua lango. Siku chache baadaye ikawa vilevile. Mara ya tatu paji la uso likagonga chuma cha lango, damu ikamchuruzika hadi kwenye tai.

Maneno nayo hayana mlango. Huyu akasema kifafa, yule akasema mkono wa mtu, mwingine akasema mzee siku hizi anapitia kilabuni kabla ya kazi. Msimamizi wake alimwita pembeni.

"Mzee wangu, mimi nakuheshimu. Lakini gari likikukuta umelala pale, nitamjibu nini mkeo? Nenda hospitali kwanza. Lango halikimbii."

Nyumbani alizunguka kutoka jikoni hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi jikoni, mpaka mkewe akasimamisha cherehani. Shemeji yake, fundi baiskeli wa mtaa wa pili, alikuja kumpa pole.

"Hiyo ni presha, shemeji," alisema. "Mimi ninayo, naijua kama ninavyoijua spana." Akatoa vidonge mfukoni. "Meza viwili, kesho uko kazini."

Mzee Feni alikuwa ameshanyoosha mkono. Mkewe akavichukua vile vidonge kutoka kiganjani mwake na kumrudishia kaka yake.

"Kaka, wewe ni fundi baiskeli. Hajapimwa huyu."

Asubuhi walikwenda hospitali pamoja. Alivaa sare yake kamili, kwa matumaini kwamba akitoka pale atapitiliza kazini. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti. Akampima presha amelala, akampima amekaa, akampima amesimama.

"Baba, presha yako nzuri kuliko yangu."

Habari hiyo ilimtia hofu zaidi. Ugonjwa wenye jina unajua utaushika wapi. Huu wake ulikuwa unakuja na kuondoka kama mwizi, na alama hauachi. 

"Kila ulipoanguka, ulikuwa unafanya nini?" daktari akauliza.

"Kazi yangu tu. Naangalia magari. Hivi." Akaanza kugeuza shingo.

Daktari akamshika bega. "Basi, usiendelee." Alikuwa ameona kola inavyozama chini ya taya.

Wakamlaza, wakamvua tai, wakamfunga kifuani nyaya za mashine ya kupima moyo. Muuguzi alisimama ubavuni. Daktari akaweka vidole shingoni mwake, chini kidogo ya taya, akakandamiza taratibu. Ule mlio wa mashine uliokuwa ukienda ti, ti, ti ukakawia. Kisha ukakatika. Mzee Feni akaliona lile giza linarudi kutoka pembeni mwa macho. Daktari akaondoa vidole, na moyo ukashika tena mwendo wake.

"Ni hapo," alisema.

Akavuta kiti na kuwaeleza wote wawili. Shingoni, kila upande, mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani una sehemu ndogo inayohisi jinsi damu inavyosukuma. Ukiinuka kitandani, damu inashukia miguuni na msukumo unapungua. Sehemu ile inaujulisha ubongo, nao unauharakisha moyo na kuibana mishipa, ili kichwa kisikose damu. Msukumo ukizidi, moyo unapunguzwa kasi na mishipa inalegezwa. "Mwili unafanya hivyo siku nzima na wewe huna habari," alisema. "Ila kwa watu wengine, umri ukisogea, sehemu ile inakuwa nyepesi kushtuka. Ukigeuka, kola inaikandamiza. Inadhani damu imezidi nguvu, moyo unaamriwa upole, na upole unapita kiasi. Presha inaporomoka, unazimia. Ukilala chini damu inafika kichwani bila taabu, ndiyo maana unaamka mwenyewe."

"Na vidonge vya presha alivyotaka kunipa shemeji?"

"Hivyo ni vya kushusha. Wewe yako inashuka mno."

 Mkewe aliikunja ile tai, akaikunjua, akaikunja tena.

Msimamizi alimruhusu kusimama langoni bila tai, kifungo cha juu wazi, na hakuanguka tena. Lakini hofu haikumtoka upesi. Alitembea shingo imekakamaa kama aliyejitwika ndoo, akigeuka mwili mzima. Makarani wakasema feni imekatiwa umeme. Alicheka nao, huku vidole vikitafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono.

Alasiri moja alirudi akakuta kabati liko wazi. Mkewe amekaa sakafuni na kiwembe, anafumua kola za mashati yake yote, hata lile la zamani ambalo halivaliki tena.

"Ungeniambia inakubana," alisema bila kuinua uso.

"Ningekwambia, ungeilegeza."

"Sasa?"

"Nilikuwa nimependeza."

Mkewe akainua uso. "Mwanamume mzima," alisema, "nusura ufe kwa urembo." Akacheka, na kicheko kikageuka machozi, akayafuta kwa mkono wa shati alilokuwa akilifumua.

Mzee Feni akakaa chini kando yake, akachukua shati mojawapo na kuanza kuchomoa nyuzi zilizokatwa. Alichomoa mbili tatu, kisha akainuka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa.