Picha Isiyo na Mtu

Kila kiangazi kilipoingia, mpiga picha mmoja alifunga sanduku la kamera nyuma ya pikipiki yake, akamwachia mkewe ufunguo wa studio, akapotea mwezi mzima huko pwani na mashambani. Watu walimbandika jina la Subiri, maana hilo ndilo neno lililomtoka kuliko yote. Subiri, ng'ombe apite. Subiri, mama, sogea kidogo na ndoo yako. Yeye alitaka ufuko mtupu, bonde tupu, kilima na mbingu yake, basi. Mtu kwenye picha yake alikuwa kama nzi kwenye maziwa. Angeweza kukaa juani saa mbili akingoja mwokota kuni mmoja atokomee. Na kubembeleza alijua, kwa hiyo watu walimpisha huku wakicheka.

Picha hizo zilikuwa na mnunuzi mmoja tu, bwana nadhifu wa mjini aliyesema anatengeneza kalenda. Subiri alimwita Bwana Kalenda, akawa anampelekea kila picha ikiwa na tarehe, jina la mahali na mhuri wa studio mgongoni.

Kiangazi hiki mambo yaligeuka. Kwenye kijiji cha kwanza cha pwani, watoto waliozoea kumkimbilia waliitwa ndani mmoja mmoja. Mama muuza chai alimwambia chai imekwisha, na birika linafuka mvuke mbele ya macho yao wote wawili. Kisimani wanawake walinyamaza alipofika, wakaendelea alipoondoka. Subiri alijua kuna mtu amemchongea, na hakuchelewa kumpata: mpiga picha wa harusi, jirani yake mtaani, mtu wa kijicho tangu zamani. Kikulacho ki nguoni mwako, akajiambia, na njia nzima akamtukana moyoni mtu ambaye wala hakuwahi kukanyaga huko.

Akapandisha mashambani. Bonde alilolipiga picha mwaka juzi lilikuwa limezungushiwa seng'enge, na mlinzi wa getini akamwambia asithubutu hata kufungua sanduku. Kando ya ziwa dogo, ambalo nalo aliwahi kulipiga picha, mwendo wa nusu siku kutoka hapo, alikuta seng'enge ile ile na mlinzi mwenye sare ile ile. Mahali pa tatu hakushuka hata kwenye pikipiki. Aliona nguzo mpya kwa mbali, akageuza.

Akampigia simu mkewe, fundi cherehani asiyedanganyika hata kwa sentimita moja. Mkewe alisikiliza habari za seng'enge zote tatu bila kumkatiza, kisha akauliza jambo moja tu.

"Hiyo kalenda, baba watoto, umeshawahi kuiona ukutani kwa mtu?"

Hakuwahi. Miaka yote hiyo hakuwahi kupewa hata nakala ya kujivunia. Hapo yule jirani wa harusi akamtoka kichwani, akaingia Bwana Kalenda na viatu vyake vinavyong'aa. Kisha Subiri akaogopa hasa, kwa sababu picha ya mwisho aliyompelekea, ya mwaka jana, aliipigia kwa shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Nyumba yake ya mbao, yenye bustani ya mboga ubavuni, ilitazama ufuko, na hapo ndipo alipoishi tangu ujana wake. Subiri alipofika asubuhi alimkuta amekwishavaa viatu vya kutokea. Akamwamkia, akaitikiwa, akaonyeshwa barua ya ofisi ya ardhi. Kampuni fulani ilidai kwamba ufuko ule haukuwa na mtu, na kwamba nyumba ya bibi huyu imechipuka juzi juzi ili adai fidia. Majirani hawakuweza kumtolea ushahidi, kwani nao walikuwa na barua hizo hizo. Asipokuwa na ushahidi, nyumba itabomolewa.

"Twende, shangazi," Subiri akasema. "Wezi hawa nawajua."

Afisa wa ardhi alikuwa mtu mpole, mwenye faili zilizobanwa kwa jiwe zisipeperushwe na feni. Subiri alianza kumweleza habari za mjini, matapeli na viatu vyao, naye akamwacha amalize. Kisha akafungua faili, akatoa picha, akaigeuza. Subiri aliutambua mhuri kabla haujasomwa.

"Hii ni yako?"

"Yangu."

"Ya mwaka jana. Ufuko mzima, hakuna paa, hakuna mtu. Sasa nyumba ya mama iko wapi hapa?"

Subiri alieleza kwa kujikanyagakanyaga. Nyumba ilikuwa nyuma yake, pamoja na za majirani. Kamera aliisimamisha kizingitini pa shangazi, maana pale ndipo ufuko unapoonekana wote. Nguo zilizokuwa zimeanikwa kwa mbele alimwomba azianue. Mbuzi alifungwa nyuma ya jiko. Shangazi mwenyewe alisimama mgongoni kwake, akimshikia mwavuli jua lisimchome. Kadiri alivyoeleza ndivyo aibu ilivyompanda, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha, na siku ile alirudi mjini akiwa amefurahi sana.

Afisa hakumbeza. "Mimi naandika ninachokiona," alisema. "Lakini wewe ni mpiga picha, na huyu ni shangazi yako. Leteni picha yoyote ya zamani inayomwonyesha pale nyumbani kwake. Hata moja inatosha. Nawapa mpaka Ijumaa."

Shangazi akashusha pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alitabasamu, akamgusa mwanawe begani.

"Basi hilo limekwisha," akamwambia afisa. "Huyu kila kiangazi anakuja na kamera yake, mwaka wa kumi na tisa huu. Ana masanduku kwa masanduku huko studio."

Subiri aliyapitia masanduku yale kichwani, mwaka baada ya mwaka. Mawe, mawimbi, kilima, mawingu. Alitafuta walau mkono wa shangazi, walau kivuli chake mchangani, walau ncha ya nguo yake kwenye ukingo wa picha.

"Shangazi," akasema. "Yako hamna."

"Hata moja, mwanangu?"

"Hata moja. Kila mara nilikuambia usogee."