Ndege Niliyemdanganya kwa Kaseti

Mwaka ule maduka ya Majengo, pale Songea, yalijaa ghafla. Kwa muda mrefu tulikuwa tukiuliza sabuni na muuzaji anapandisha mabega. Sasa biashara ilikuwa ruksa, na barazani zilining'inia suruali za mitumba, masufuria yaliyong'aa hadi unayaona meno yako, na redio kaseti, nyeusi, zenye mkono wa kubebea. Mimi nilikuwa askari wa wanyamapori, kijana, mshahara mkononi. Niliiona redio moja ndogo yenye kitufe chekundu cha kurekodi, nikasahau kwamba nilikuwa nimekwenda kununua godoro.

Nilikuwa nimeshajaribu burudani nyingine. Nilijaribu kuchora, lakini nyati wangu walifanana na ng'ombe waliofiwa. Nilikusanya manyoya ya ndege, mama mwenye nyumba wangu kwenye mtaa wa Bombambili akayafagia pamoja na maganda ya ndizi. Kitufe chekundu kilikuwa jambo jingine kabisa. Unakibonyeza, na asubuhi nzima ya pori inaingia ndani ya kijisanduku unachoweza kukibeba kwapani.

Kaseti niliyokuwa nayo ni moja tu, ya kwaya ya parokia, zawadi ya mama yangu mzazi. Nilirekodi juu yake. Mungu anisamehe, mpaka leo, ndege kwezi akimaliza kuimba, unasikia sauti ya nne ikimalizia Amina.

Siku nyingi za mwezi nilikaa kwenye kituo chetu ndani ya pori la akiba, safari ya siku nzima kutoka Songea kwa gari la idara, nalo lilihitaji kusukumwa kuliko lilivyohitaji mafuta. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea. Tulitafuta nyayo, tuling'oa mitego ya waya, tulikagua vibali vya watu walioruhusiwa kuingia. Tulifundishwa kutembea bila kusikika, na tukafundishwa kanuni moja ambayo mkubwa wetu aliirudia kila Jumatatu kama sala: ona, andika, ondoka. Usiguse kitu. Niliishika kanuni hiyo kwa bidii, kwa sababu niliipenda kazi yangu, na ndiyo iliyoniponza.

Mwezi wa kumi alikuja mrina asali mmoja kutoka upande wa Tunduru, akisukuma baiskeli iliyofungwa madebe mawili matupu, shoka na kanzu iliyokunjwa. Mikorosho yake ilikuwa imeshikwa na ugonjwa unaonyunyiza maua unga mweupe, haikuzaa kitu. Mfanyabiashara wa Majengo alikuwa amekubali kumpa mabati ya kuezekea nyumba ya mama yake, kwa madebe mawili ya asali. Mabati hayo yalipaswa kupanda juu kabla mvua hazijaanza, kwa maana nyasi za paa zilikuwa zimeoza na bibi huyo alilala akihamahama na mkeka. Kibali chake kilikuwa cha siku kumi.

Yeye Myao, mimi Mngoni; tulikuwa watani kabla hatujaambiana jina. Alinipa kibali, akaniita Bwana Nyama kama watu wote walivyotuita askari wa pori, akaniuliza kama Mngoni anaweza kusoma karatasi isiyonukia pombe ya ulanzi. Nikamwambia nitaisoma akinyamaza, jambo ambalo Myao hajawahi kulifanya tangu aumbwe. Akacheka mpaka akaegemea baiskeli.

Ndipo akanionyesha namna anavyoita. Wale warina asali hawatafuti mizinga kwa macho. Wanamwita ndege mdogo wa rangi ya udongo, mlembe, ambaye anapenda nta lakini hawezi kupasua mti. Mtu anaita, ndege anakuja, anaruka tawi hadi tawi akipayuka kama kiberiti kinachotikiswa, mtu anafuata hadi kwenye mti wenye nyuki. Mtu anapasua na kuchukua asali, ndege anaachiwa nta. Mwito wenyewe ni mtetemo mrefu wa midomo, kisha mguno mfupi kutoka kifuani. Alisema aliupokea kwa baba yake, na baba yake kwa baba yake. Nikamwomba aurudie, nikabonyeza kitufe chekundu.

Akaondoka kwenda kambini kwake, ng'ambo ya kijito. Sikulala vizuri kwa furaha. Alasiri iliyofuata, nilipomaliza doria, nilikwenda peke yangu kwenye msitu wa miombo, nikaweka redio juu ya kichuguu, nikaifungulia. Mtetemo, mguno. Mtetemo, mguno. Na mlembe akaja. Alikuja kweli, akatua kwenye tawi juu ya kichwa changu, akatikisa kiberiti chake, na mimi nikamfuata nikirekodi, moyo ukinipiga hadi nikaogopa utasikika kwenye kaseti. Alinifikisha kwenye mti. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka kwenye tundu la shina. Nikaona. Nikaandika kwenye daftari. Nikaondoka.

Nilifanya hivyo siku tano mfululizo. Miti mitano.

Siku iliyofuata, ya saba ya kibali chake, mrina asali alirudi kituoni na madebe yakilia matupu. Uso ulikuwa umemkauka, na hakunitania, ndiyo maana nikashtuka. Alisema ndege wanamsikia. Wanakuja, wanamtazama, kisha wanageuka na kwenda zao. Hajawahi kuona jambo kama hilo tangu aanze kushika shoka.

Ningeweza kunyamaza. Nilimweleza yote, na nikamwonyesha daftari kwa sababu bado nusu yangu ilikuwa inajivunia. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulipofika kwenye mti, ulimpa nini?" akauliza.

"Sikumpa kitu. Haturuhusiwi kugusa."

"Mara tano?"

"Mara tano."

Alikaa chini ya ukuta wa kituo, akashika kichwa. "Wallahi, Bwana Nyama, bora ungenitoboa madebe. Umechukua mdomo wa baba yangu, ukamdanganya nao ndege."

Sijui mpaka leo kama ndege anaweka kinyongo. Najua aibu niliyoipata. Nikakimbilia daftari, nikamwambia asali ipo, miti hii hapa, twende nikuonyeshe. Akaniambia nimsomee. Nikasoma: *Mninga mkubwa. Jua zuri. Ndege anaimba kama mvua ya changarawe.* Wa pili: *Mti mwingine mkubwa.* Pori lile lina mininga kama jeshi. Macho yangu siku zote tano yalikuwa kwenye sindano ya redio ikicheza, sikutazama ninapokanyaga.

Basi tukaketi kuisikiliza kaseti. Hapo ndipo alipoanza kuinuka kidogo kidogo, kama mtu anayesikia anaitwa kwa mbali. Nyuma ya ndege kulikuwa na vitu ambavyo mimi sikuwa nimevisikia kamwe. "Rudisha," alisema. Maji yakigonga jiwe: hayo ni maporomoko madogo juu ya kambi yake. "Rudisha tena." Buti zangu zikivunja mianzi mikavu, na mianzi imeota sehemu moja tu. Kwenye mti wa nne nyani walikuwa wakigombana, akacheka kwa mara ya kwanza, akasema hao anawafahamu, jirani zake, wanamwibia unga. Miti mitatu tuliipata kwa masikio. Miwili haikuwa na kitu ila ndege, upepo na kipande cha kwaya.

Niliomba ruhusa ya siku tatu kwa mkubwa wangu, nikiandika kwamba nafuatilia matumizi ya kibali, na huo haukuwa uongo. Tulipasua miti ile mitatu. Nilishika kienge cha nyasi kinachofuka moshi, nikaumwa na nyuki kwenye kope hadi jicho likafumba, na nilikuwa na furaha isiyoelezeka. Kila mti, kabla hajajaza debe, alichuma majani mabichi, akayatandika chini kama mkeka, akaweka juu yake sega lenye nta na majana, watoto wa nyuki. Kisha aliita kwa midomo yake. Jibu halikuja.

Jioni ya siku ya tisa debe moja lilikuwa limejaa. La pili lilikuwa tupu.

Asubuhi ya mwisho tulikuta majani ya mti wa tatu yamesafishwa, nta imedonolewa hadi chembe ya mwisho. Alisimama mahali peupe, akaita. Akangoja. Akaita tena, na mguno wake safari hii ulitoka chini sana, kama wa mtu anayeomba radhi. Kutoka kwenye mianzi kiberiti kikatikisika.

Tulikimbia. Sijawahi kukimbia hivyo hata nyuma ya majangili. Ndege mbele, yeye katikati, debe likimgonga mgongoni, mimi nyuma na jicho moja, tukipita vichaka na mifereji, na kila alipoita alijibiwa. Ndege alitufikisha kwenye mti mzee wa mtondoo wenye nyuki wengi kuliko miti yote tuliyoiona. Shoka likaimba. Asali ilitoka nzito, ya rangi ya chai, debe likapanda hadi nusu, hadi robo tatu, hadi vikabaki vidole vinne lijae. Mkononi mwake lilibaki sega moja, pana, lililojaa hadi pembeni.

Nikamwambia alitie. Mfanyabiashara wa Majengo alitaka madebe yaliyojaa, na vidole vinne ni bati moja la mama yake.

"Bati moja litapungua," alisema. "Tutaliziba kwa nyasi. Mwakani nitamwita nani?"

Aliniambia nichume majani mimi, kwa kuwa deni ni langu. Nilichuma yaliyo laini zaidi, nikayatandika kwa mikono iliyovimba, nikalipokea sega na kuliweka katikati. Tukarudi nyuma hatua kumi na kuchuchumaa, mrina asali akinishika bega nisitikisike. Mlembe alishuka tawi moja, akatutazama, akashuka jingine, akatua juu ya nta.